Mama Klori na Watoto wa Kilo Moja

Ukifika Vulamba, upande ule wa Butembo, ukamuulizia Agar Kahongya, watu watakutazama tu. Muulizie Mama Klori, na hata muuza makaa wa njia panda ataliacha gunia lake akupeleke mpaka mlangoni. Jina hilo alipewa kwa kejeli, akalizoea, mwishowe akalipenda. Watu wa Butembo wakikubandika jina, heri ulipokee, maana ukilikataa wanakutafutia lingine baya zaidi.

Zamani alikuwa muuza unga wa muhogo sokoni, mwanamke mfupi wa kelele na kicheko, mjane, mwimbaji wa kwaya. Ebola ilipotoka Beni ikateremkia Butembo, miradi ilitafuta watu wa kuosha sakafu na kunyunyiza dawa, na wengi wakakataa. Walisema ugonjwa huo ni biashara ya wakubwa na klori ndiyo sumu yenyewe. Agar alikubali kazi hiyo kwa sababu moja. Dada yake alikufa mikononi mwa watu waliokuwa wakimlilia na kumkumbatia, na kabla mwezi haujaisha wanne kati yao wakamfuata. Basi akafundishwa kupima ule unga mweupe kwa kijiko, kuukoroga majini, kuungoja nusu saa. Majirani waliyarushia mabati yake mawe. Yeye aliyaokota, akazungushia bustani yake ya mboga, akaenda kazini.

Ebola ikaisha, na miradi ikapanda magari yake ikaenda. Iliacha mapipa kumi na mawili ya buluu, yamejaa unga wa klori, katika stoo ya hospitali moja ambayo jina lake nitalimeza. Hospitali ikamchukua Agar pamoja na mapipa yake, ikampeleka kwenye chumba cha watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya siku zao, wengine hawafiki hata kilo moja na nusu.

Ni chumba kidogo chenye vitanda vinane na mashine tatu za kuwapasha watoto joto, moja ikiwa imekufa kabisa na mbili zikifanya kazi umeme ukipenda. Kwa hiyo joto lenyewe ni la mama. Butembo ni mji wa baridi, na mtoto wa kilo moja hana nyama ya kumkinga. Anafungwa kwa kitenge kifuani pa mamaye, ngozi kwa ngozi, kofia ya sufu kichwani, na hapo anakaa wiki baada ya wiki mpaka ajue kunyonya. Ananyweshwa maziwa ya mama kwa kikombe kidogo, tone kwa tone. Ukikaa humo unasikia mashine ya oksijeni ikibubujisha maji yake na kina mama wakiimba chini chini.

Mlangoni ilisimama ndoo ya Agar, ndoo ya plastiki yenye bomba chini, juu ya kigoda. Hapiti mtu bila kunawa. Daktari ananawa, mchungaji ananawa. Siku moja alikuja mheshimiwa mmoja na wapiga picha wake, akataka kuingia na pete zake vidoleni. Agar akakaa katikati ya mlango. "Mukubwa, vua pete, unawe mpaka ku kiwiko. Ao upige foto ya mulango." Mheshimiwa alipiga picha ya mlango. Kina mama walicheka hadi wakamwamsha mtoto mmoja.

Hapo mwanzo kulikuwa na vikaratasi vya kupimia nguvu ya klori, unavichovya majini vinageuka rangi. Viliisha mwaka ule miradi ilipoondoka, na havikuja vingine. Agar hakuvililia. Alikuwa na pua yake. Kila asubuhi alikoroga, akainama, akavuta pumzi, na harufu ikimchoma machoni alitikisa kichwa akaridhika. Tena alikuwa mwekevu. Barabara ya Goma ilipofungwa na vita na vitu vikaadimika, Kitsa, muuguzi mkuu wa chumba, ambaye wote walimwita Titulaire, alimfuata stooni.

"Mama Agar, ile poudre ni ya zamani sana. Niandike bon ya kuomba ingine, batutafutie ku Kasindi, ku mupaka."

"Titulaire, tuko na mapipa ine inajaa! Chlore haiozake, ni ndizi? Andika bon ya gants, bitu yenye tuko nakosa kweli."

Kitsa alicheka, akaandika glovu. Na hapo ndipo niseme jambo ambalo Agar mwenyewe hajifichi nalo siku hizi: tarehe ya mwisho ilikuwa imeandikwa ubavuni mwa kila pipa, na ilikuwa imepita miaka. Aliisoma. Alidhani tarehe ni za vidonge na samaki wa kopo, si za kitu kikali kama kile kilichoizima Ebola.

Nadège aliletwa mwezi wa tatu, mvua zikiwa zimeshika. Alikuwa amekimbia Eringeti na mumewe na mtoto wao wa miaka mitatu, Lévi, baada ya shambulio jingine huko mashambani. Mume na mtoto walifika kwa wazazi wa mume, Kalunguta. Yeye uchungu ulimshika njiani, mimba ya miezi saba, akajifungulia Beni, na gari la wagonjwa likamteremsha Butembo akiwa amemfunga mtoto kifuani. Mizani ya chumba ilisema gramu elfu moja na themanini.

"Jina yake nani?" Agar aliuliza.

"Kambere."

Kwa Wanande, watu wa huku, mtoto hangoji kuchaguliwa jina. Wa pili wa kiume ni Kambere, awe na kilo nne au awe na moja, na nyumba hiyo haitapata Kambere mwingine. Agar aliinama akamtazama yule mtu mwenye vidole vyembamba kama njiti za kiberiti, ambaye alikuwa amekunja uso kana kwamba amedaiwa.

"Kambere, karibu. Uko na hasira sawa wazee. Ni vizuri, wenye hasira bapataka kilo mbio."

Nadège alicheka kwa mara ya kwanza tangu Eringeti. Kisha akaacha kucheka, akauliza, "Mama, ataishi?"

"Ya kuishi ni ya Mungu. Ya mikono ni ya mi na we. Unawe, kisha umushike."

Binti yule hakuwa na mama wa kumwuguza, na Agar hakuwa na binti, basi mambo yakajipanga yenyewe. Agar alimletea uji wa soya katika chupa ya chai kila asubuhi. Alimfulia vitenge. Mtoto alishuka mpaka gramu mia tisa na tisini, chumba kizima kikaomba. Akapanda elfu moja na mia moja, akafika elfu moja na mia mbili, na Agar alitangaza gramu hizo koridoni kama matokeo ya mpira. Nadège alinawa kwenye ile ndoo mara kumi, mara kumi na tano kwa siku, kwa sababu aliyemwambia anawe alikuwa mtu aliyempenda mtoto wake.

Wiki ya pili ya kukaa kwake, vifo vikaanza. Kwanza alikwenda msichana mmoja, pacha. Jumatatu alikuwa akinyonya kidole, Jumanne tumbo likavimba, ngozi ikawa ya kijivu, akasahau kupumua. Siku nne baadaye akafuata mvulana. Dawa za sindano hazikusaidia kitu. Kina mama walianza kunong'ona habari za walozi. Daktari alisema hawa ni watoto wadogo mno, na baridi ya mwezi ule ni kali.

Agar hakukubali uchawi wala baridi. Alikwisha kuona mauti ya namna hiyo, yanayoruka kutoka mtu hadi mtu, na alijua dawa yake. Akaagiza kila mtu anawe mara mbili, akiingia na kabla ya kumgusa mtoto. Akaanza kusuuza na vikombe vya maziwa katika maji yale yale. Mikono ya watu ikababuka. Ya Nadège ilipasuka kwenye viungo vya vidole mpaka ikatoa damu.

Asubuhi moja, Kambere akiwa na siku kumi na tisa, Nadège alitoka uani kuanika nguo. Aliporudi alipita kando ya ndoo, akaketi, akamchukua mtoto. Agar alimwona kutoka dirishani.

"We Nadège! Umetoka inje, umeshika mutoto bila kupita ku ndoo?"

"Mama, nilinawa na sabuni, pale ku robinet, bomba ya inje. Chlore inaniunguza. Angalia mikono."

"Sabuni! Sabuni ni ya sahani! Leo batoto beko nakufa, na we unachagua maji?"

Chumba kizima kilisikia. Nadège aliinamisha kichwa, akaenda kwenye ndoo, akanawa huku machozi yakimtoka kwa uchungu wa vidonda, akarudi.

Siku ya pili yake Kambere aliyakataa maziwa ya kikombe. Saa sita mchana tumbo lilikuwa gumu. Kitsa alitafuta mshipa kichwani, miguuni, akaupata, dawa ikapita, na haikuzuia lolote. Kesho yake saa nne asubuhi, jua likiwa limetoka baada ya siku nyingi za mvua, Kambere alikata roho kifuani pa mamaye. Alikuwa na gramu elfu moja mia mbili na sitini.

Agar alilia kuliko wafiwa wengi walivyolia kwa watoto wao. Na kilio kikimshika mtu namna ile hutafuta pa kuangukia. Nadège, akiwa bado amemfunga mtoto, alimgeukia na kumwuliza kwa sauti ndogo, "Mama, nilikosa wapi?"

"Mikono yako," Agar akasema. "Nilikuambia."

Nadège alivitazama viganja vyake, kimoja, kisha cha pili. Jioni mumewe alikuja na pikipiki, wakaichukua maiti katika kitenge, wakaenda Kalunguta.

Baada ya hapo wakafa wengine wawili. Sasa hata daktari hakutaja tena baridi. Aliomba msaada, na kutoka maabara ya Beni akaja kijana mpole, jina lake Luc, na sanduku la vijiti vyenye pamba. Alipitisha pamba katika mashine za joto, kwenye chupa ya oksijeni, kwenye mizani, kwenye bomba la maji, kwenye mikono ya wauguzi. Alichukua damu ya mtoto mmoja aliyekuwa akizidiwa. Agar alimfuata nyuma akimwonyesha kila kona, kama mwenye nyumba anavyomwongoza mgeni.

"Docta, pima kila pahali. Lakini ku ndoo yangu, utapoteza coton bure."

"Mama, tunapimaka byote," Luc akajibu kwa adabu.

Kabla ya pamba alichovya kikaratasi majini. Agar alivijua vikaratasi vile. Vizuri kabisa alikumbuka rangi ya zambarau, rangi ya klori yenye nguvu. Walikingoja pamoja, wameinamisha vichwa. Kilibaki cheupe. Luc akachovya cha pili, na cha pili nacho kikabaki cheupe. Alifunua ndoo, akapitisha kidole ndani, kwenye ukingo wa bomba, na kidole kikatoka na utelezi. Aliomba aonyeshwe stoo.

Majibu yalikuja kwa simu siku ya nne. Kitsa alimwita Agar ofisini, akafunga mlango. Kijidudu kilekile kilikutwa katika maji ya ndoo, katika bomba la ndoo, katika vikombe, na katika damu ya yule mtoto, ambaye naye alikuwa ameshafariki. Kina jina refu la Kilatini. Agar alimwomba Kitsa alitamke mara mbili, kana kwamba ni mtu atakayekwenda kumtafuta nyumbani kwake. Klori ilikuwa imekufa zamani, ikabaki harufu na chokaa ya kubabua ngozi. Na kila aliyenawa mlangoni kwa kuwahurumia watoto alikiingiza kidudu ndani kwa mikono yake, chini ya macho ya Agar na kwa amri yake. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na Agar nguo hiyo aliifua mwenyewe.

"Mama, ungejuaje?" Kitsa alisema. "Hata mi nilipita ku ile ndoo kila siku. Lakini inje usiseme kitu. Unajua bantu ya hapa. Bakisikia hôpital njo iliua batoto, kesho batachoma yote. Na batoto bengine batakuja wapi?"

Hakuwa mtu mbaya, Kitsa. Aliyaona mawe yale yale ambayo Agar aliyaokota. Klori mpya ikaletwa kutoka mpakani, ndoo ikatupwa, vikombe vikachemshwa, sabuni ikawekwa kwenye kila bomba, na vifo vikakoma kana kwamba mtu amefunga mlango. Wenzake walifurahi. Kwa Agar kule kukoma kulikuwa ndiyo hukumu. Aliacha kwaya. Jumapili alikaa benchi la nyuma, karibu na mlango, na nyimbo zikianza alitazama sakafu.

Waliokufa walikuwa sita, na wote aliwabeba. Lakini kilichomnyima usingizi kilikuwa kile alichomwambia Nadège. Kosa la ndoo alilifanya kwa kutojua, au kwa kujua nusu. Yale maneno mawili aliyasema kwa kinywa chake, kwa mama aliyemwamini, na hakuwa na hakika nayo hata wakati anayasema.

Kisha mama mmoja wa Kalunguta, aliyemleta binti yake kujifungua, akasimulia bila kujua anamsimulia nani. Kule kwao kuna mwanamke mmoja mkimbizi wa Eringeti ambaye kichwa chake kimeharibika. Ananawa mchana kutwa. Mtoto wake amebaki mmoja, na hamgusi kabisa. Anamwekea sahani chini, anarudi nyuma. Mume ameanza kuchoka.

Agar alimwambia Kitsa kwamba Jumamosi atakwenda Kalunguta. Kitsa alimsihi, akamwonya kuhusu kazi yake. "Titulaire," alisema Agar, "kazi utapata mutu mwingine. Ule mutoto hana mama mwingine."

Alifunga kikapu cha zawadi ya kuhani msiba: unga, mafuta, chumvi, na mche wa sabuni. Akiwa mlangoni alikumbuka kwamba anayempelekea ananawa mchana kutwa, akautoa mche ule. Pikipiki ilimfikisha kabla ya saa tano. Alimkuta Nadège ameketi mbele ya nyumba ya wakwe zake akimenya maharagwe, beseni la maji kando yake. Alikuwa amekonda. Mikono yake ilikuwa nyekundu mpaka kwenye viwiko, imebabuka kama ya mtu aliyeunguzwa na mvuke. Lévi alisimama hatua tatu mbali naye, akimtazama, na ilionekana wazi kwamba amefundishwa kusimama pale.

"Karibu, Mama Agar. Ikala," Nadège alisema bila kunyanyua uso.

"Nikiikala sitasema." Agar aliweka kikapu chini. Alikuwa ameyapanga maneno njia nzima, na yote yakampotea. "Haikukuwa mikono yako, mutoto yangu. Ilikuwa ndoo yangu. Chlore ilikufa tangu zamani. Date ilikuwa ku pipa, niliisoma, nikaizarau. Mududu iliikala mu maji, mu robinet. Bantu ya Beni bameipata pale, na mu damu ya mutoto mwingine. Ile siku ulinawa na sabuni, we njo ulikuwa na mikono safi mu nyumba ile. Mi nikakurudisha ku ndoo. Na kisha nikakuambia ile neno."

Nadège aliendelea kumenya. Alimenya ganda moja, akamenya la pili. Kisha akaacha.

"Siku kumi na tisa," alisema. "Mara moja tu njo nilipita pembeni ya ndoo yako. Zingine zote nilinawa pale. Juu nilikuamini."

"Najua."

"Basi kama ningekukatalia tangu mwanzo, Kambere angeishi?"

Agar angeweza kusema kwamba hakuna ajuaye, kwamba watoto wa kilo moja hufa kwa mambo mengi, kwamba Mungu ana mipango yake. Yote hayo ni kweli, na watu wote wa hospitali wangemsamehe kuyasema. Alitamani sana kuyasema.

"Pengine angeishi," alijibu.

Nadège alifuta mikono yake kwenye kitenge. Alimwita Lévi, lakini mtoto hakusogea. Alilitazama beseni kwanza, akangoja. Basi akaenda yeye. Alipomnyanyua, mtoto alikakamaa kama ukuni, mikono imebana ubavuni, hajui aiweke wapi. Ilichukua muda mrefu kabla hajaiweka shingoni pa mamaye. Nadège aliketi naye kizingitini, akampa Agar mgongo, akalia kwa sauti ambayo hakuwa ameitoa hata siku ya mazishi.

Agar alibaki amesimama uani. Hakuna aliyemwambia akae, wala aliyemwambia aondoke. Alingoja kilio kitulie, akasogeza kikapu karibu na ukuta ili kuku wasikifikie, kisha akashuka njiani kutafuta pikipiki bila kuaga, kwa kuwa hakuona neno lililobaki ambalo yeye alikuwa na haki ya kulisema.